Ziwa Kariba: Starehe ya Nani?

Kila mwaka ifikapo Oktoba, jua linapowaka kabla ya mvua za kwanza, mji mdogo wa Kariba ulioko kaskazini mwa Zimbabwe hufurika wageni. Huja na mashua zinazokokotwa na magari, mishipi, ndoana na makasha ya barafu, wakaligawana ziwa kwa siku kadhaa wakimsaka samaki mmoja tu: yule mwenye michirizi myeusi ubavuni na meno yaliyochomoza kama misumari, ambaye akinaswa huruka juu ya maji na kupigana hadi nguvu zimwishe. Jioni samaki hupimwa uzito, washindi hupigiwa makofi na zawadi hutolewa. Mashindano hayo yalianza mwaka 1962. Ziwa lenyewe lilijaa mwaka 1963. Watu wa starehe, basi, walifika na ndoana zao kabla maji hayajamaliza kupanda, huku wale waliokuwa wakiishi mahali palipozama wakiwa bado wanajenga vibanda katika ardhi wasiyoijua.

Tarehe hizo mbili zinafaa kutafakariwa na kila mtumishi wa umma ambaye siku moja faili la bwawa, la hifadhi au la mji mpya laweza kumfikia mezani. Na kila mwalimu wa jiografia anayechora Mto Zambezi ubaoni na kulipaka ziwa chaki ya buluu kana kwamba limekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Hakuna asemaye kwamba mapumziko ni dhambi. Mtu aliyetoa jasho ana haki ya kupumzika, na kukaa kando ya maji jioni, tembo akiogelea kutoka kisiwa hadi kisiwa, ni mapumziko bora kuliko mengi yanayouzwa mijini. Linaloulizwa hapa ni starehe hiyo ilijengwa juu ya mgongo wa nani, na ni nani hadi leo hana nafasi ndani yake.

Kariba haikujengwa kwa ajili ya wavuvi wa ndoana. Ilijengwa ili kufua umeme, na umeme wenyewe ulikuwa wa migodi na viwanda. Mwaka 1953 Waingereza waliziunganisha Rhodesia ya Kaskazini, Rhodesia ya Kusini na Nyasaland kuwa Shirikisho moja, licha ya upinzani mkubwa wa Waafrika waliotambua mapema kwamba hiyo ilikuwa njia ya walowezi wa Kusini kuitia mkononi shaba ya Kaskazini. Migodi ilihitaji umeme mwingi na kwa haraka. Mipango miwili ilikuwa imeandaliwa: bwawa katika korongo la Mto Kafue, ambalo lingekuwa ndani ya Rhodesia ya Kaskazini kabisa, na bwawa katika korongo la Kariba, mpakani. Mwaka 1955 serikali ya Shirikisho iliiacha Kafue na kuchagua Kariba, na mtambo wa kwanza ukachimbiwa ukingo wa kusini. Tangu hapo shaba ya Kaskazini ikawa inayeyushwa kwa umeme ambao swichi yake iko Kusini. Ubaya wa mpango huo haukuchelewa kuonekana. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na mwaka uliofuata walowezi wa Ian Smith wakajitangazia utawala wao haramu. Taifa changa likajikuta taa zake zimo mikononi mwa adui. Zambia ikalazimika kuurudia mpango wa Kafue uliokuwa umetupwa, na kujenga mtambo wake mwenyewe ukingo wa kaskazini wa Kariba, uliokamilika katika miaka ya 1970.

Fedha za ujenzi hazikuwa haba. Benki ya Dunia ilitoa mwaka 1956 mkopo wa dola milioni 80, ambao haukuwa na mfano katika historia yake hadi wakati huo. Mhandisi wa Kifaransa, André Coyne, alisanifu ukuta wa zege uliopinda kama upinde, na kampuni ya Kitaliano ya Impresit ikapewa kazi. Ilifanywa usiku na mchana, katika joto la bondeni ambalo wenyeji peke yao walilizoea. Wafanyakazi zaidi ya 80 walipoteza maisha. Waitalia waliwajengea wenzao kanisa dogo la Mtakatifu Barbara juu ya kilima, nalo lingali linatembelewa na wageni wanaotaka kupiga picha za ziwa kutoka juu.

Mto haukukubali kufungwa kwa urahisi. Mwaka 1957 ulifurika na kuichelewesha kazi. Mwaka 1958 ukaja tena na mafuriko makubwa zaidi, ambayo wataalamu walikuwa wamehesabu kwamba yasingetokea ila mara moja katika maelfu ya miaka. Ukaubomoa ukuta wa muda uliozuia maji na kulizoa daraja. Watonga, wenyeji wa bonde hilo, hawakushangaa. Walikuwa wamekwisha kusema kwamba Nyaminyami, nyoka mkuu wa mto mwenye kichwa cha samaki, hangekubali kutenganishwa na mkewe kwa ukuta wa mawe. Waliosema hivyo walichekwa. Leo Nyaminyami huchongwa kwenye fimbo za kutembelea na kuuzwa kwa watalii, naye ana sanamu yake karibu na bwawa. Mungu wa watu waliofukuzwa amegeuzwa pambo la duka, na huenda hakuna jambo katika habari nzima ya Kariba linaloonyesha vizuri zaidi jinsi starehe inavyoweza kumeza kitu na kukitema kikiwa bidhaa.

Milango ilifungwa Desemba 1958. Tarehe 17 Mei 1960 Malkia Mama Elizabeth wa Uingereza alikuja kuufungua mradi rasmi. Ukuta una kimo cha mita 128. Ziwa lililozaliwa nyuma yake lina urefu wa kilomita zipatazo 280, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na maji yapatayo mita za ujazo bilioni 180. Hakuna bwawa duniani lililotengenezwa na binadamu linaloweza kubeba maji mengi kuliko hilo. Mwanafunzi wa Dar es Salaam atalielewa zaidi akiambiwa kwamba lingelazwa kando ya barabara kuu itokayo jijini, lingeipita Morogoro na kuikaribia Mikumi.

Chini ya maji hayo kulikuwa na nchi ya watu. Bonde la Gwembe lilikuwa makao ya Watonga wa kingo zote mbili, na waliotakiwa kuondoka walikuwa 57,000: wapatao 34,000 upande wa kaskazini na 23,000 upande wa kusini. Serikali iliwaona kuwa washenzi waliosahaulika bondeni. Kumbe walikuwa na kilimo chao kilichopimwa kwa akili. Mto ulipopungua uliacha kingoni udongo mweusi wenye rutuba, wakapanda humo mazao ya kiangazi baada ya yale ya masika, hata mwaka ambao mvua iliwanyima bado mto uliwapa. Mashamba ya kingoni yalirithiwa kwa ukoo. Walikuwa na mahali patakatifu pa kuombea mvua, na makaburi ya wazee yaliyowafunga na ardhi ile. Mto haukuwa mpaka kwao. Mtu alivuka kwa mtumbwi kwenda kuoa, kuzika, kudai deni au kunywa pombe ya shemeji yake. Maji yalipopanda, shemeji akawa raia wa nchi nyingine, ng'ambo ya bahari ndogo isiyovukika kwa mtumbwi wa mti mmoja.

Yafaa ikumbukwe kwamba wasomi wawili, Elizabeth Colson na Thayer Scudder, waliingia bondeni mwaka 1956 kuandika maisha ya Watonga kabla hawajahamishwa, kisha wakawafuata walikopelekwa kwa miongo mingi. Mambo mengi yajulikanayo kuhusu madhara ya kuhamisha watu kwa ajili ya mabwawa, popote duniani, yalijifunzwa kwa Watonga hao. Wao wenyewe hawakulipwa kwa somo hilo.

Upande wa kaskazini watu walikataa. African National Congress ya Harry Nkumbula ilikuwa imewaeleza kwamba wana haki ya kukataa, nao hawakuhitaji kuelezwa sana. Watu wa Chifu Chipepo walipata habari kwamba baadhi yao watapelekwa Lusitu, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwao, chini ya bwawa, katika nchi ya watu wengine. Gavana Arthur Benson alikwenda mwenyewe kuwahutubia, hawakumsikia. Tarehe 10 Septemba 1958, katika kijiji cha Chisomo, polisi wenye bunduki walikabiliana na wanaume wenye mikuki. Watonga wanane waliuawa na wengine zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Kisha malori yakaja. Waliosalia walipakiwa na vyungu vyao, kuku wao na wagonjwa wao, wakashushwa Lusitu, ambako ardhi haikuchukua muda mrefu kuchoka kwa kubeba watu wengi kuliko ilivyoweza. Upande wa kusini hapakuwa na hata nafasi ya kubishana. Watu walibebwa wakaachwa bara, Binga na kwingineko, katika udongo wa mchanga na mapori ya wanyama waharibifu, na sehemu kubwa za ufuko mpya zikatengwa kuwa hifadhi na maeneo ya uwindaji. Mtonga aliyezaliwa akinywa maji ya Zambezi akawa anahitaji kibali ili akavue katika maji yaliyofunika kaburi la baba yake.

Wakati huohuo dunia nzima ilikuwa ikilia kwa ajili ya Kariba. Lakini ilikuwa ikiwalilia wanyama. Maji yalipopanda, vilima viligeuka visiwa, na juu ya visiwa walikwama swala, nyani, nguruwe mwitu, faru na nyoka. Ofisa wa wanyamapori, Rupert Fothergill, na wenzake wa pande zote za ziwa walifanya kazi ya kuwaokoa tangu mwaka 1958 hadi 1964 katika kampeni iliyopewa jina la Nuhu. Wanyama zaidi ya 5,000 waliokolewa, na wengi walipelekwa Matusadona, ukingo wa kusini. Wanawake wa mijini waliombwa soksi zao kuukuu za nailoni zisokotwe kamba laini za kuwafungia swala ili wasichubuke miguu. Haki itendeke kwa Fothergill na watu wake, Waafrika wengi miongoni mwao, ambao walitumbukia katika maji yenye mamba na kuwashika wanyama kwa mikono. Ujasiri wao ni wa kweli. Lakini msomaji atajiuliza mwenyewe: soksi ziliombwa kwa ajili ya miguu ya swala, ni nini kilichoombwa kwa ajili ya watoto waliotapika ndani ya malori ya Lusitu?

Ziwa jipya lilikuwa na vituko vyake. Katika miaka ya kwanza gugumaji kutoka Amerika ya Kusini lilitanda juu ya maji hadi likafunika karibu moja ya tano ya ziwa, kisha likapungua. Mwaka 1963, uzito wa maji uliposhuka juu ya miamba, ardhi ilitetemeka mara kwa mara, na tetemeko kubwa kuliko yote lilikaribia kipimo cha 6. Ukuta ulisimama.

Kisha likaja jambo ambalo Mtanzania ana sababu ya kulijua. Samaki wa mto walikuwa hawajazoea kuishi katikati ya maji mapana na yenye kina, hivyo sehemu kubwa ya ziwa ilikuwa tupu kama shamba lisilopandwa. Mwaka 1967 na 1968 wataalamu wa Zambia walileta vifaranga vya dagaa kutoka Ziwa Tanganyika na kuvimwaga Kariba. Wengi walidhani vimekufa. Havikufa, vilizaana kupita matumaini yote, vikateremka hata kupitia mitambo ya bwawa na kufika Cahora Bassa huko Msumbiji. Kule wanaitwa kapenta. Mvuvi wa Kigoma akifika Kariba usiku wa giza hatahitaji mkalimani: ataona taa zimesambaa ziwani kama mji unaoelea, nyavu zikishushwa chini ya mwanga na kuinuliwa, na asubuhi samaki wakianikwa juani kwa chumvi. Dagaa ndicho kitoweo cha watu wengi wa Zambia na Zimbabwe ambao hawatakiona kamwe chumba cha hoteli ya Kariba. Hata hapo walowezi walitangulia. Uvuvi wa biashara ulianza upande wa kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980 ulikuwa mikononi mwa wachache wenye mtaji wa kununulia majahazi ya chuma na taa. Waafrika waliajiriwa kuvuta nyavu.

Starehe ilifuata njia iyo hiyo. Ilianza kwa kambi za mafundi zilizoachwa, ambazo ziligeuzwa nyumba za wageni. Ikaja michezo ya mashua za tanga, mashindano ya uvuvi, viwanja vya kasino, na zile nyumba zinazoelea ambamo familia hulala wiki nzima ziwani, zikitia nanga kila jioni katika hori jipya katikati ya miti mikavu iliyosimama majini tangu mwaka 1958. Matusadona ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1975. Mgeni alikaa juu ya sitaha na kuona kiboko, mamba, tai-mlasamaki na makundi ya nyati wakija kunywa machweo. Kuogelea hakukushauriwa, kwa sababu ya mamba na kichocho, lakini hilo halikuwapunguzia raha. Katika miaka ya 1970 vita vya ukombozi vilifika ziwani na watalii wakatoweka. Mwaka 1978 ndege ya abiria iliyoruka kutoka Kariba ilidunguliwa. Baada ya mwaka 1980 walirudi, na sasa wanaweza kuwa weusi au weupe, mradi wana fedha. Ng'ambo, upande wa Zambia, mji wa Siavonga ulipata hoteli zake, na watumishi wa Lusaka wanazijua vizuri kwa semina na warsha. Mtumishi wa umma, popote alipo, hukumbuka mahali pa semina kuliko mada yake.

Wapo watakaosema kwamba utalii umeleta ajira, na kwamba bila wageni Kariba ingekuwa pori. Ni kweli kwa sehemu yake. Mpishi wa mashua analipwa, nahodha analipwa, mchongaji wa Nyaminyami analipwa. Lakini ajira ya mpishi si sawa na shamba la kingoni. Shamba lilirithiwa na lilimpa mwenyewe chakula bila kuuliza kama dola imepanda au mgeni ameahirisha safari. Kazi ya upishi huisha siku mwenye mashua anapoiuza. Kuna pia hesabu nyingine isiyotajwa katika vipeperushi vya hoteli: nguzo za umeme mkubwa zimepita juu ya nchi ya Watonga kwa zaidi ya nusu karne, na vijiji vingi chini ya nyaya hizo vimeendelea kuwasha koroboi. Mtu amenyang'anywa mto ili taa ziwake, taa zikawaka kwingine. Ameambiwa ufuko ni wa burudani ya taifa, na burudani yenyewe ina kiingilio.

Maji nayo yana mwenyewe anayetangulia wote, naye ni mtambo. Ziwa huendeshwa kati ya mita 475.5 na mita 488.5 juu ya usawa wa bahari, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mto Zambezi iliyoundwa na nchi hizo mbili mwaka 1987. Mvua inapokosekana, kila mtu hujua nafasi yake. Mwishoni mwa mwaka 2022 maji yaliyofaa kufulia umeme yalishuka hadi asilimia isiyofika mbili, na Zimbabwe ikaagizwa kusimamisha mtambo wake kwa muda. Katika ukame wa mwaka 2024 miji ya Zambia ilikaa gizani sehemu kubwa ya siku. Ufuko ulirudi nyuma, magati yakabaki nchi kavu, na udongo wa zamani ukaonekana tena. Ukuta wenyewe ulihitaji kutibiwa: maji yaliyomwagwa kwa nguvu kwa miaka mingi yalichimba shimo lenye kina cha zaidi ya mita 80 miguuni pake, na mwaka 2017 kazi ya kulirekebisha ikaanza. Bwawa si ziwa la Mungu. Ni chombo, huchakaa, na anayejenga hoteli kando yake amejenga kando ya mashine.

Habari hizi zisingestahili nafasi katika gazeti la Tanzania kama zingekuwa za ng'ambo tu. Tanzania nayo ina maziwa ya kutengenezwa. Nyumba ya Mungu, kwenye Mto Pangani, ilijaa katika miaka ya 1960. Samaki walikuwa wengi mno mwanzoni, wavuvi wakamiminika kutoka kila upande, kisha samaki wakapungua na kelele zikaanza. Mtera, lililokamilika mwaka 1980, linajulikana na kila abiria wa basi la Iringa na Dodoma kwa samaki wanaouzwa madirishani. Sasa lipo lile kubwa la Rufiji. Wazo lake lilikuwapo tangu siku za Mwalimu, na mwaka 1975 iliundwa RUBADA kwa ajili ya kuliendeleza bonde hilo. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019. Tarehe 22 Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ujazaji wa maji. Mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha mwaka 2024. Mitambo yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115, na ziwa linaweza kubeba mita za ujazo zaidi ya bilioni 30. Liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa hiyo mashua za wageni haziwezi kukosa kuja, na si vibaya zije.

Bwawa hili lina nafuu moja kubwa ikilinganishwa na Kariba: lilijengwa na taifa huru, kwa uamuzi wa taifa, katika pori lililokuwa limehifadhiwa tangu zamani, hakuna malori ya Lusitu. Lakini watu wa Rufiji wako chini ya ukuta, nao wana mto wao. Wakulima wa bonde hilo wamelima mlau kwa vizazi vingi, yaani wakisubiri maji yapungue na kupanda katika tope lililobaki, sawasawa na Watonga wa Gwembe. Mwaka 1969, baada ya mafuriko, serikali iliwahamisha kutoka bondeni hadi nchi ya juu. Walihama, wakajenga vijiji, kisha wakaendelea kushuka mashambani na kulala katika madungu msimu mzima, kwa sababu chakula kilikuwa kule. Mwaka 2024 mafuriko yaliyafunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na mabishano yakazuka kama maji yalitoka mawinguni au bwawani. Mabishano ya aina hiyo hayaishi kwa matamko ya redio. Huisha pale mwenyekiti wa kijiji anapokuwa na ratiba ya kufungua maji ubaoni ofisini kwake, kwa Kiswahili, pamoja na namba ya simu ya mtu atakayejibu usiku.

Watumishi watakaoandika kanuni za ziwa hilo, basi, wana kazi mbele yao ambayo wenzao wa mwaka 1958 hawakuitaka. Waamue kwanza ni sehemu gani za ufuko hazitakodishwa kwa yeyote, na waziweke kwenye ramani iliyotangazwa. Waandike katika kila mkataba wa hoteli au mashua ni kazi ngapi, na za ngazi gani, zitashikwa na vijana wa Rufiji, Kibiti na Morogoro Vijijini, wakiwemo manahodha na mameneja na si wafagizi peke yao. Waamue kama uvuvi utaruhusiwa au la. Ukikatazwa, ukatazwe kwa mwenye ndoana ya kuchezea kama unavyokatazwa kwa mwenye wavu wa kulishia watoto, maana Kariba ilianza kuoza siku sheria ilipotofautisha kati ya hao wawili.

Waalimu wa Utete, Ikwiriri na Mloka nao wasingoje kualikwa. Korongo lililozama lilikuwa likiitwa kwa jina la Mjerumani, lakini vilima, vijito na mapito ya bonde hilo yana majina yaliyotolewa na wawindaji, warina asali na wavuvi, na wazee wanaoyajua hawako wengi tena. Majina hayo yaandikwe na wanafunzi, yafikishwe wilayani, na yawekwe kwenye mabango ya ziwa kabla hoteli hazijatunga ya kwao. Na kiingilio cha mwanafunzi wa Mloka kipangwe sasa, kwa shilingi ambazo mzazi wake anaweza kuzitoa, kiandikwe katika tangazo lile lile litakalotaja dola za mgeni.